Niliyemshuku Siku ya Kuanua Matanga

Babu,

Natumaini huko uliko hakuna anayekukatiza ukisoma. Hapa Ipuli kiti chako bado kipo barazani. Hakuna anayekikalia.

Nina kosa la kukuambia. Ile riwaya yetu ya upelelezi ilipotea siku ya mazishi yako, zikiwa zimebaki sura mbili. Kila tukimaliza sura ulikuwa unafunga kitabu na kunikazia macho, kama ulivyowakazia abiria wasio na tiketi enzi zako za reli. "Haya mjukuu, unamshuku nani?" Nami namtaja mpishi, kwa kuwa ni mkimya. Ukasema mle kila mtu anaficha kitu, ila si kila anayeficha ni mwizi. Niliyaandika maneno hayo daftarini. Sikuyaelewa.

Basi nikaanza kuipeleleza nyumba yetu. Kila dalili ilimwangukia Shangazi Salome. Kila mchana alijifungia chumbani kwako. Nikisogea mlangoni, ananyamaza. Akitoka, ana kitu chini ya khanga. Hata aliponiongezea mboga, nilijiuliza ananinyamazisha nisiseme nini.

Siku ya kuanua matanga, mimi nisiyenyoosha kidole darasani, nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "Shangazi, rudisha kitabu cha Babu."

Kisha Mzee Chiloloma, mtani wetu Mgogo, yule aliyevaa koti lako makaburini akaiga kikohozi chako, akakitoa kitabu mfukoni. Alikichukua kitandani kwako siku ya mazishi, kama mtani anavyoruhusiwa, akangoja tukikomboe.

"Wanyamwezi bwana," akasema. "Mgogo anawaibia mchana kweupe, nyie mnamkamata binti yenu. Leteni kuku wangu."

Watu wakacheka. Wazee wote waliijua desturi hiyo. Mimi nilizijua za wapelelezi tu.

Shangazi hakucheka. Aliifunua khanga. Chini yake ilikuwa fulana yako ya bluu, haijafuliwa, bado ina harufu yako. Alikuwa anaililia humo chumbani ili sisi watoto tusimwone.

Babu, nimezimaliza zile sura. Mwizi alikuwa daktari. Mpelelezi aliwashuku wote, akampata mmoja, wakampongeza, akapanda treni akaenda zake. Kitabu hakisemi wale wengine walikaaje mezani siku ya pili. Mimi sina treni ya kupanda. Shangazi bado ananipakulia, lakini haniiti tena "mama", na unajua alikuwa akiniita hivyo tangu nilipopewa jina la Bibi, mama yake.

Kesho tukitoka misani nitampigia magoti. Sitamweleza dalili zangu. Nitasema tu nimemkosea.

Pumzika, Babu. Naahidi nikimshuku mtu tena, nitamuuliza kwanza kinachomuuma. Na Shangazi akijifungia chumbani kwako, sitasikiliza mlangoni. Nitabisha hodi.

Mjukuu wako,
Veronika