Mkwara wa Shemeji

Reno, Novemba 14

Mdogo wangu Lenore,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Duluth, na kwamba nyonga ya dada yetu Hedda, unayemuuguza, imeanza kukubali ngazi. Mwambie asiharakishe. Mimi sijambo, ukiacha goti langu ambalo nawe unalijua vizuri. Theluji ya kwanza imeshaanguka mlimani, na mwanao Roslyn bado anafanya zamu za asubuhi hospitalini. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na jambo hili halieleweki likikatizwa.

Uliniomba nimwangalie mumeo Virgil. Ulisema siku hizi akiongea nawe anakuambia mambo yote ni shwari hata kabla hujamuuliza, na mtu asiye na la kuficha haongei hivyo. Nilikubali, nikawa naketi naye katika ule ukumbi wa karata tunaochezea sisi wastaafu baada ya chakula cha mchana. Sasa lazima nikueleze kidogo mambo ya poka, na univumilie, maana nimefundisha hesabu miaka mingi na siwezi kufika mahali bila kuonyesha njia.

Unajua nilinunua ile programu ya kompyuta ya kufundisha poka. Inachofundisha ni mizani. Ukiweka dau kubwa, wakati mwingine uwe na karata za kweli na wakati mwingine uwe unapiga mkwara tu, kwa kipimo ambacho mpinzani, akilipia, yaani akiweka kiasi kilekile ili karata zionekane, au akitupa karata zake, hapati faida juu yako. Naye anapowekewa dau inampasa alipie kwa kipimo, asitupe kila mara. Anayecheza hivyo hawezi kuonewa na yeyote.

Lakini mezani kwetu hakuna mabingwa. Wanda Pruitt, yule mjane wa fundi saa, hulipia kila dau kwa sababu hapendi kulala na swali. Kumpigia mkwara Wanda ni kupoteza fedha, kwa hiyo tumeacha. Mumeo naye kwa miaka yote hajawahi kupiga mkwara hata mmoja. Virgil akiweka dau, anazo. Kwa hiyo akiweka, sote tunatupa karata, hata Wanda. Mpinzani dhaifu unamwacha na udhaifu wake, wewe unauegemea. Ni akili, na inalipa. Ubaya wake ni kwamba ukiegemea upande mmoja, upande wa pili huuoni tena.

Tangu Septemba, Virgil alianza kuweka madau mara nyingi mno. Karata nzuri hazimjii mtu namna ile. Sisi tukatupa, yeye akakusanya. Gus Marchetti, aliyekuwa na duka la matairi, akamwambia siku moja, “Virgil, mkeo akirudi atakuta umenunua kasino.” Virgil akacheka tu.

Hapo nikaanza kumshuku. Nakuambia wazi, nilimshuku bila huruma. Kifaa kipya cha kusikia alichovaa sikioni kilinitia wasiwasi: nilifikiri kuna mtu anamnong’oneza. Alikuwa amehamia kiti cha katikati, mbele ya mgawaji karata, akakataa kukiacha hata alipoombwa kwa heshima. Karata zake aliziinua karibu na pua na kuzitazama kwa pembeni, kichwa kimegeuka, kama anayechungulia za jirani. Wanda akahamisha zake, akasema, “Macho yako yakae kwako, mzee. Mimi ni mjane, si dirisha.” Nikajiambia kwamba shemeji yangu amejifunza mizani ya kompyuta kwa siri, au mbaya zaidi, anaiba. Nikahisi hicho ndicho anachokuficha.

Kulikuwa na njia moja tu ya kujua. Karata za mtu huonekana akilipiwa, na Virgil hakuwa analipiwa na yeyote. Basi nikaamua kurudi kwenye kipimo: nitamlipia kama kompyuta inavyotaka, kana kwamba simjui.

Jumatano nilikuwa na jozi ya tisa tu. Mezani, kwenye karata za wote, palikuwa na kopa tatu; mwenye kopa mbili mkononi angetimiza tano na kunishinda. Virgil akasukuma dau kubwa. Gus akatupa, Wanda akatupa. Mimi nikalipia.

Virgil akalaza karata zake na kusema, “Kopa tano.”

Pale ukumbini maneno ya mchezaji hayahesabiwi. Karata ndizo zinazosema, na mgawaji ndiye anayezisoma. Akazisoma. “Kopa nne, bwana. Hii ni uru. Jozi ya tisa inachukua.”

Gus akapiga meza kwa furaha. “Jamani, mzee kajifunza mkwara! Tena kwa uso mkavu!” Wote wakacheka, na Virgil akacheka, ila alichelewa kidogo. Mimi sikucheka. Anayepiga mkwara akishalipiwa, mikono yake hurudi nyuma. Mkono wa Virgil ulikuwa umeshafika katikati ya meza, unakusanya. Aliamini ameshinda. Kisha akaichukua ile uru, akaisogeza kwenye pembe ya jicho, na nikamwona anaitafuta.

Nilimfuata hadi kwenye maegesho. Aliniuliza nimewezaje kulipia na jozi ya tisa, wakati hakuna anayemlipia. Nikamwambia nilidhani anaiba.

“Afadhali ungenikuta naiba,” akasema.

Akanieleza. Kuna doa la ukungu katikati ya macho yote mawili. Pembeni anaona. Karata ikiwa karibu, namba anaiokota kwa taabu na wekundu anauona, lakini umbo, kama ni kopa au uru, halioni. Kila nyekundu anaihesabu vile anavyotamani iwe. Daktari alimwambia tangu Agosti. Hakutaka ujue, kwa sababu ungemwacha Hedda peke yake na kurudi.

Nikamuuliza kuhusu gari. Maana ni yeye, Lenore, anayempeleka mjukuu wenu Junie shuleni kila asubuhi, kwenye ile barabara ya kushuka mlimani.

“Njia ile naijua kwa mikono, shemeji.”

“Na taa za barabarani?”

Akageuzageuza ufunguo wa gari mkononi. Kisha akasema, “Junie ananisomea.”

Walikuwa wamelifanya jambo hilo mchezo wao. Mtoto wa miaka saba, kiti cha nyuma, anapiga kelele kijani, njano, nyekundu, na babu anamsifu kwa jicho lake kali. Hakuna aliyeambiwa. Junie mwenyewe hajui kwamba si mchezo.

Nilimwomba ufunguo. Alikataa, akaniita msaliti na mwalimu mkuu, akasema nimpe hadi Jumapili akuambie mwenyewe. Nikamwambia kesho yake ni Alhamisi, na ni siku ya shule. Aliposikia hivyo aliuweka ufunguo juu ya boneti ya gari langu, si mkononi mwangu, akaenda kusubiri basi. Jioni nilimpigia Roslyn, mama yake Junie, akalia, kisha akanipa saa za shule. Tangu siku hiyo Virgil hajanisemesha. Pengine atakupigia Jumapili, pengine hatakupigia. Mimi sikutaka kumsubiri.

Sasa mimi ndiye ninayempeleka Junie. Leo asubuhi, tulipofika taa ya kwanza mjini, akasema kwa sauti, “Nyekundu, babu.” Nikamwambia asante, nimeiona. Taa ya pili akasema tena, nikamjibu vilevile. Ya tatu akanyamaza, nikamwona kwenye kioo ameshika mkanda kwa mikono miwili, macho kaikazia taa. Nikasimama. Baadaye kidogo akaniuliza, “Babu, una uhakika unaona?”

Nisalimie Hedda na jirani yenu anayewaletea mkate. Ukirudi, usiendeshe gari usiku katika theluji, panda ndege.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Orrin