Orodha ya Giza Lililopita

Jumanne, 6 Mei

Dagaa wachache leo, kunguru wengi. Nimezunguka mwaloni, vyombo vinakoshusha samaki, nimehesabu mitumbwi, nimekaa. Saa nne kikao ofisi ya kata. Kamati ya Utayari. Mimi mjumbe kwa sababu ndimi karani wa mwalo na nina mwandiko mzuri. Elimu darasa la saba, mwandiko wa askofu.

Bwana Afya kaleta Mpango, jalada la plastiki. Ni mpango wa ugonjwa ambao haujaja. Ukija, unasema, utakuja kwa maji, kutoka ng'ambo, Kongo, au kupitia Kagunga mpakani. Humo imeandikwa nani atapiga simu, nani atafunga kamba, shule ipi itakuwa wodi, maiti itazikwa na nani. Wamefika hadi kwenye mifuko ya maiti. Ukurasa wa mifuko nimeusoma mara mbili, chai ikanishinda.

Ukurasa wa kumi na nne una kazi yangu. Waliokuwa na mgonjwa chomboni watatambuliwa kupitia daftari la mwalo.

"Mzee Karani, wewe ndiye uti wa mgongo wa mpango huu!" kasema Bwana Afya. Wakapiga makofi. Uti wa mgongo ukaingia baridi.

Niandike ukweli hapa, hapa hasomi mtu. Daftari ni la uongo. Mpango unahesabu wiki, sisi tunahesabu giza. Mwezi usipokuwepo dagaa wanafuata taa, watu wanavua. Mwezi ukijaa taa haina kazi, watu wanatawanyika kwenda makwao. Giza jipya likianza wanarudi na kubadilishana vyombo kama viti vya msibani. Kuwauliza majina upya ni kazi ya siku mbili, na wananicheka. Kwa hiyo nanakili orodha ya giza lililopita. Nabadilisha kalamu, bluu kwa nyeusi, ionekane kazi. Yusufu Kaboko alikufa maji mwaka juzi. Nilikwenda matangani, nikala. Kwenye daftari bado anavua. Hajakosa giza hata moja.

Miaka yote hakuna aliyelisoma. Leo wamelijengea mpango.


Alhamisi, 8 Mei

Zoezi la utayari, hapa hapa mwaloni. Mgonjwa wa kuigiza ni mgambo mmoja mnene. Kalazwa kwenye mtumbwi, kapakwa rangi nyekundu puani. Bwana Afya katoka ndani ya yale mavazi meupe kama mfuko wa sembe uliopewa miguu.

Tatizo moja: kina mama wa vichanjani, wanaoanika dagaa, hawakuambiwa. Kwetu mgonjwa hupewa mkono. Wakaacha dagaa, wakapanga foleni. Pole baba. Pole sana baba. Mmoja kamfuta ile damu kwa kanga yake, kisha kajifuta jasho kwa kanga ile ile.

"Msimguse! Amekufa huyu!" Bwana Afya akapiga kelele ndani ya barakoa.

Wakasikia amekufa tu. Vilio. Mgambo akaona haya, akaamka. Wakakimbia.

Taarifa ya jioni: zoezi limefanikiwa. Nimecheka peke yangu njia nzima. Nilipofika nyumbani kicheko kikakatika. Ile foleni. Hakuna aliyebaki nyuma.


Ijumaa, 9 Mei

Mwezi umekua. Vyombo vinapandishwa. Kila chombo kinapika chungu cha mwisho cha kuagana, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, sinia moja. Watu wa chombo cha Tupendane wamenikaribisha, au pua yangu imejikaribisha.

Niwaandike, maana watu wakiagana husema mengi. Nahodha Mzee Rajabu anakwenda Kagunga kwa mke mdogo. Kwa mke mkubwa kasema anakwenda kushona nyavu. Pacha wawili, Kulwa na Doto, wanapanda Kalinzi kuchuma kahawa kwa mjomba. Amisi anavuka ng'ambo kwa mama yake, kamnunulia kitenge cha rangi ya kelele. Kassimu, fundi wa mashine, kwao Ilagala. Na mkwe wangu Bukuru, mume wa binti yangu Zuhura. Kaingia chombo hiki giza hili tu, badala ya mtu. Yeye haendi mbali, anarudi nyumbani kwangu.

Kassimu hakula. Macho mekundu, jasho, na upepo ulikuwa wa baridi. "Umepata mimba, fundi?" Doto akamtania. Hata Kassimu kacheka. Akatumegea matonge yake, mmoja mmoja, kwa mkono wake. Mimi nimepewa lenye kichwa cha mgebuka. Nilikula. Tamu.

Tumeagana kwa mikono.


Jumamosi, 10 Mei

Mwalo mtupu. Mbwa wawili na mimi. Bukuru anatengeneza kitanda cha mtoto. Zuhura ana miezi saba, anamwelekeza msumari kwa msumari.


Jumatatu, 12 Mei

Saa tatu simu ya Bwana Afya. Sauti imekauka, si ile ya zoezi. Kuna mvuvi kafikishwa zahanati Ilagala na homa kali, anatoka damu puani na kwenye fizi. Kasema katoka chombo cha Tupendane. Sasa hawezi kusema tena.

"Naomba ukurasa wa Tupendane. Upige picha, unitumie sasa hivi."

Nimepiga picha. Nimetuma. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu. Nikatuma ya pili, safi kabisa. Uongo wangu unasomeka vizuri.

Majina manane. Kassimu yumo. Mzee Rajabu yumo. Waliobaki ni watu wa vyombo vingine, na marehemu.

Najipima joto kwa kiganja. Kiganja chenyewe kina joto.


Jumanne, 13 Mei

Kassimu amefariki alfajiri. Wamemzika watu wa mavazi meupe. Mkewe alisimama mbali nyuma ya kamba. Ukurasa wa mifuko.

Sampuli imepelekwa mbali kwa ndege. Majibu siku kadhaa. Redio ya mtaa, yaani wauza vitumbua, imeshatoa majibu.

Saa tano simu. "Mzee, huyu Yusufu Kaboko tumemtafuta Ujiji nzima. Ndugu zake wanatufukuza kwa mawe. Yuko wapi?"

Nikasema mabaharia watu wa kuhamahama.

Nimelisema hilo. Juu ya marehemu. Ulimi wangu hauna mfupa wala haya.

Wameshawaweka chini ya uangalizi watu wanne ambao hawajawahi kukanyaga Tupendane. Wakati huo pacha wako Kalinzi wanachuma kahawa na watu wengi, wanakula sinia moja. Amisi yuko ng'ambo na mama yake. Rajabu yuko Kagunga, na Kagunga kila mtu anapita.

Na Bukuru yuko uani, anapiga randa.

Hili ndilo linalonikaba. Bukuru hayumo kwenye daftari. Hakuna atakayemwita. Nikinyamaza, uongo wangu unamfunika yeye, na Zuhura, na kilichomo tumboni. Nikisema, gari linakuja hapa. Nimekaa chooni muda mrefu kwa kuwa ndipo mlango una komeo. Naogopa ugonjwa. Naogopa jela. Zaidi naogopa uso wa Zuhura.

Leo Bukuru kakohoa mara mbili. Moshi wa kuni. Nadhani moshi.


Jumatano, 14 Mei

Asubuhi nimesikia koo linakwaruza. Nikafungua hii shajara niandike wosia, maana mimi mtu wa mpango. Ikafunguka Ijumaa.

Wote wamo. Nani katoka wapi, kenda wapi, kwa nani. Hata kitenge cha mama yake Amisi. Daftari la serikali limejaa mizuka, na hili la uvivu wangu, lisilosomwa na mtu, ndilo lenye watu.

Nikamwita Bukuru pembeni. Mkwe hasemi na mkwe sana, tunaheshimiana kwa kunyamaza. Nikamweleza yote, mpaka Yusufu. Akaangalia vumbi la mbao miguuni.

"Ukurasa wako unaniita nani, baba mkwe?"

"Bukuru."

"Mwaloni mimi Athumani."

Najua. Kazaliwa hapa, kitambulisho anacho, lakini jina lile linatosha watu kumuuliza atarudi lini kwao Burundi. Kwa hiyo ziwani ni Athumani.

"Watasema nimeuleta mimi," akasema. Akafuta patasi kwa shati, akaiweka. "Wapelekee. Mama yake Amisi naye ana watoto wadogo pale. Zuhura nitamwambia mwenyewe."

Nikachomoa karatasi ya Ijumaa. Nimekwenda kwa miguu mpaka ofisini, nisimpakizie mwenye bodaboda hofu yangu. Nimesimama mlangoni, nikasema, daftari ni la uongo, ukweli huu hapa, na mimi nilikula. Nikaiweka kwenye ngazi, nikarudi nyuma.

Bwana Afya kavaa glavu, kasoma. Kisha akageuza. Nilikuwa nimesahau kwamba nyuma ya Ijumaa kuna Alhamisi. Akasoma mfuko wa sembe uliopewa miguu. Akasoma mpaka mwisho.

"Tutaongea siku nyingine," akasema. Akaanza kupiga simu Kagunga.


Alhamisi, 15 Mei

Tumewekwa shuleni, darasa la nne B. Ukutani kuna jedwali la kuzidisha. Mimi na Bukuru hapa, Zuhura chumba cha jirani peke yake. Gari lilikuja mchana kweupe, mtaa mzima ukatoka. Zuhura alipita mbele yangu na ndoo yake.

"Baba, umetuuza kwa karatasi."

Hata uongo wa kumjibu sina, na hiyo ndiyo fani yangu.

Pacha wamepatikana. Rajabu amepatikana, pamoja na mke mdogo, na sasa mke mkubwa anajua. Amisi bado.


Ijumaa, 16 Mei

Bukuru ana homa. Joto limepanda tangu adhuhuri. Wamemtoa damu kidoleni, wamemtoa na nyingine mkononi, wamemhamishia chumba cha mwisho. Hakuna aliyeniambia kitu. Zuhura anamwita kupitia ukuta. Anajibu. Kila anapojibu navuta pumzi.

Nje ya kamba watu wanapita. Mmoja kasema kwa sauti, "Si ndiye yule Mrundi aliyeuleta?" Nimesimama dirishani nikataka kumtukana. Nikaona ananiogopa hata mate yangu. Nikakaa.

Nimehesabu jedwali lote la saba. Nimekosea mara mbili.


Jumamosi, 17 Mei

Anajibu.


Jumapili, 18 Mei

Amisi kapatikana, mzima, na mama yake mzima.

Jioni, jua bado lipo juu ya milima ya Kongo, Bwana Afya kaja bila mavazi meupe. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Siyo. Sampuli ya Kassimu siyo ule ugonjwa. Malaria kali, ilichelewa. Alivumilia mashine mpaka giza liishe, halafu akasafiri nayo. Ya Bukuru malaria pia, dawa imeshashika.

Watu wakashangilia uwanjani. Mimi nikakaa kwenye dawati la mtoto, nikakwama.

Bwana Afya kanisaidia kutoka. Kasema kimya kimya: "Kama ungekuwa ugonjwa wenyewe, Mzee Karani, siku zako mbili zingetumaliza."

Jumatatu mpaka Jumatano. Nimezihesabu pia.

Sikushtakiwa. Kamati imeninyang'anya ujumbe, imeniachia daftari. Hakuna mwingine anayelitaka.


Jumanne, 20 Mei

Giza limeanza. Nimeweka meza karibu na maji, kila chombo kinapita hapa kabla ya kushuka. Daftari jipya.

Zamani hawakujali nikiandika nini. Leo wanajua daftari linaweza kuleta gari mlangoni, na kila mmoja kawa mwongo kuliko mimi. Wa kwanza anaitwa Rais wa Ziwa. Wa pili ni Makamu wake. Wa tatu kasema yeye ni Yusufu Kaboko, pwani nzima ikacheka. Nilistahili. Nimeandika wote kama walivyosema.

Bukuru kaja, kakonda, suruali imefungwa kamba. Daktari kamruhusu kesho, yeye kaja leo. Akasimama mbele ya meza kama hanijui, hakupunguza sauti.

"Bukuru Nzeyimana. Tupendane. Mwezi ukijaa nalala Ujiji kwa baba mkwe. Nikiugua aitwe mke wangu, Zuhura."

Kicheko kilikatika. Nimeandika polepole, mwandiko wangu mzuri kabisa.

Baadaye Rais wa Ziwa karudi akijikuna shingo, kasema anaitwa Meshaki, kwao Kagunga. Makamu bado ni Makamu. Nitamwuliza tena kesho.

Nimefungua daftari la zamani, nimemfuta Yusufu. Mstari mmoja, kwa rula.

Zuhura bado haongei na mimi. Saa kumi kaja mwaloni na kikombe cha chai, kakiweka mezani, kaondoka. Haina sukari. Nimeinywa yote.