Kijani Katika Manyoya ya Minu

Mjukuu wangu Chantal,

Sisi hapa Kolwezi tu wazima, ila babu yako anakoroma kuliko treni ya Mutshatsha. Unauliza kwa nini umchane paka wako kila siku wakati anajiramba mwenyewe. Uvivu huo umeurithi kwangu.

Nikiwa msichana, Minu, paka wetu wa manyoya marefu, alilala juu ya magunia ya mawe ya shaba ya kaka yangu. Alijaa vumbi la kijani la mawe hayo, nami nikacheka tu: "Atajiosha!"

Siku moja akatapika miguuni pangu donge la manyoya, kijani kitupu, akaanguka ubavu. Nilipiga kelele, mama akaja mbio.

"Si anajirambaka! Ile mavumbi yote anakulaka! Leta kitana, we mujinga!"

Tukamchana, tukampangusa kwa kitambaa chenye maji. Siku ya tatu akanywa maziwa, nikalia.

Lakini siku ile ya kwanza, kitana mkononi, nilivitazama vidole vyangu nikaganda. Asubuhi nzima vilimpapasa Minu, kisha nikala navyo bukari, ugali wetu, na kuviramba vyote.

Mchane paka wako, mjukuu wangu. Halafu nawa mikono.

Kambo wako, bibi yako anayekupenda