Kipimo Chako Ndani ya Ndege

Baba Neema, mume wangu,

Leo nimerudi Ilford bila wewe. Nimekuacha Kilimanjaro, kihambani kwenu, shamba la ukoo, katikati ya migomba, kwa sababu kaka zako walisema Mchagga hazikwi ugenini. Mimi nilitaka ulale hapa London, mahali ninapoweza kufika kila Jumapili nikitoka kanisani. Mdomo ulikubali, moyo haukukubali, na sitakudanganya.

Unakumbuka safari yetu ya kwanza kwenda nyumbani, Neema akiwa mchanga? Wenzio wanabeba zawadi, wewe mwalimu wa fizikia umebeba kipimo cha mionzi! Ndege ikapanda, nacho kikaanza kulia ti-ti-ti, kila tukipanda kinaongeza kasi. Nikakufinya paja. "Zima hicho kitu, we mwanaume, watatushusha!" Ukacheka mpaka machozi. "Watatushushia wapi, Mama Neema, mawinguni?"

Ndipo ukanieleza habari za miale ya kosmiki. Kwamba zamani wataalamu waliamini mionzi inatoka ardhini, mpaka mmoja wao akapanda puto na vipimo vyake, akitegemea itapungua. Wapi! Kadiri alivyopaa ndivyo ilivyozidi. Ilikuwa inatoka juu, mbali kuliko jua. "Inatupita hata sasa," ukasema, "wewe, mimi na mtoto, wala hatuhisi." Nikakuambia hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Lakini kila safari baada ya hapo, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuuliza kama umekipakia.

Safari hii ya kukupeleka kuzikwa, alikishika Neema. Unamjua mwanao, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Tulipopaa kikaanza kulia, na mama mmoja wa Kitanzania aliyekaa jirani akauliza ni kitu gani. Neema akamjibu, "Ni cha baba. Yuko chini, kwenye mizigo." Kwa Kiswahili, Baba Neema, tena kilichonyooka. Nililia mbele za watu bila haya. Nikawaza kwamba miale inayonipita mimi inashuka hadi kwako, na hakuna tena wa kuniambia habari zake. Nilikichukia kile kipimo, nisamehe.

Sasa nyumba imepoa. Nimefungua mlango nikaita, "Tumefika!" kama mjinga. Neema akapokea begi langu.

Baadaye nikamuuliza, maana naye anasoma fizikia chuoni kama ulivyotaka: udongo wote ule waliokufukia nao, miale inaupenya kweli?

"Inapenya, mama," akasema. "Inafika mpaka kwa baba."

Nikamshukuru Mungu kwa ajili yako. Halafu nikaona wivu, mume wangu, wivu wa kweli. Yenyewe inatoka mbali kuliko jua na inakufikia kila siku. Mimi niko Ilford tu hapa, na siwezi kukufikia.

Pumzika, mpenzi. Ndugu zako wakupalilie vizuri.

Mkeo,
Mama Neema