Nusu Sahani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninaomba barua hii ikukute umeamka salama, na goti lako lisiwe linakusumbua sana na mvua hizi. Sisi huku Eldoret tunapumua. Mume wangu bado yuko gereji, anarudi jioni ananuka oili, na baridi ni ile ile niliyokulalamikia tangu nilipoolewa.

Ninajua anayekusomea ni mdogo wangu Mwanaidi, kwa kuwa macho yako hayashiki tena maandishi. Afadhali iwe hivyo. Mwanaidi, soma yote, usiruke hata mstari kwa kumwonea Mama haya. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sisemi kitu. Nikianza tu, Mama ananiombea dua ndefu, ninaitikia amina, kisha anasema mtandao ni mbovu.

Biasha ametimiza mwaka. Unaniuliza kila mara kama mjukuu wako ameanza kutembea. Hajatembea, Mama. Hata kukaa, anakaa kwa kuegemezwa mto. Nguo anazovaa ni zile ambazo mtoto wa jirani aliziacha akiwa wa miezi mitano. Akipata mafua kidogo, kifua kinambana tunaishia hospitali. Daktari anasema huenda akawafikia wenzake polepole, na huenda asiwafikie, na kwamba hata ukubwani itabidi aangaliwe asije akapata kisukari na presha. Mtoto wa mwaka mmoja anatajiwa presha. Nilicheka mbele ya daktari, kisha nikaenda kulia kwenye ngazi.

Wewe unasema watoto wa kwetu huwa wadogo. Mimi si mdogo, Mama. Mwanaidi naye si mdogo.

Ilipofika miezi ya mwisho ya mimba yangu ulinipigia ukanionya nile nusu sahani, mayai nisiyaguse, maziwa nisinywe, ili mtoto asinenepe tumboni akanishinda kumzaa. Nikatii. Tukipika sima na maharagwe, nusu ya chakula changu niliirudisha sufuriani, nikalala na njaa, roho safi kabisa kwa kuwa ninamtii mama yangu. Nikakuonyesha tumbo kwenye simu, ukafurahi. Ukasema, "Tumbo la adabu hilo, mwanangu. Litakupa uzazi mwepesi."

Uzazi ulikuwa mwepesi, hilo sikatai. Lakini kabla ya hapo muuguzi wa kliniki, mama mmoja wa huku mwenye sauti ndogo, alinipima tumbo kwa utepe, akapima tena. Akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi. Nikamwambia chai. Akaniuliza na jana. Nilipomweleza hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, huyu mtoto ameacha kukua."

Biasha alizaliwa miezi imetimia, lakini ngozi ya mapajani ilimlegea kama nguo ya kuazima. Wauguzi wakamfunga kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, maana hakuwa na mafuta mwilini ya kujipasha joto.

Kwa haki niseme, daktari hakuitupia sahani lawama yote. Alisema kondo la nyuma lilikuwa dhaifu, na damu yangu haba, na kwamba pengine mtoto angezaliwa mdogo hata kama ningekula nikashiba. Maneno hayo yananitesa kuliko kama angenigombeza. Sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba alikuwa na njaa, nami nilikuwa nacho cha kumpa.

Ninajua pia ulikoitoa hofu yako. Mdogo wako, mama mdogo Biasha, alifia uzazini kule kisiwani Funzi, mtoto mkubwa amekwama, boti ya kumvusha haijapatikana. Wewe ndiye uliyemwosha. Jina lake nilimpa mwanangu ili moyo wako upoe. Lakini kilichomuua ni kukosa boti na daktari, si kushiba. Ninakupenda, Mama, na nina uchungu nawe, na sijui uchungu huu utaisha lini.

Juzi Mwanaidi alinitumia picha. Mimba ya miezi sita, na mifupa ya mabega imemtoka. Nikamuuliza anakula nini. Akanijibu kwamba umeshaanza kumpunguzia.

Mpeleke hospitali Msambweni wiki hii, apimwe, apewe dawa za kuongeza damu, na siku ikifika akajifungulie huko huko. Mtoto akiwa mkubwa wapo madaktari wa kumtoa. Akidumaa tumboni, hakuna wa kumrudishia miezi ile.

Nisalimie baba mdogo anayekata miwa Ramisi, na bibi mzaa baba, na shangazi muuza mboga wa Kombani. Msalimie na jirani yetu wa bara mwenye kuku, umwambie mayai yakipatikana aanze na mlango wetu.

Sasa Mwanaidi, iweke barua chini. Nenda jikoni, pakua sahani nzima, urudi ule hapo hapo mbele ya Mama. Nawe Mama, nakuomba kwa heshima zote, usiinuke kwenda kuswali wala kuchota maji. Kaa umtazame mpaka amalize.

Ni mimi mwanao,
Mwanamisi