Vumbi la Ngoma Mbili

Mtani wangu Kondo,

Siku tulipokuzika pale Mtoni nilitimiza utani wangu kama Mnyamwezi anavyopaswa kumfanyia Mzaramo. Nilizuia jeneza njiani nikasema, "Mwalimu huyu wa fizikia kafa akidhani galaksi zikigongana zinawasha taa katikati. Mfukieni upesi asije akatufundisha tena." Watu walicheka, hata mkeo. Tatu, binti yako, hakucheka. Wiki ile alifungia sandukuni daftari lako la hesabu za galaksi akaniambia, "Kumbe baba alikuwa anajidanganya tu." Amesoma kwangu miaka miwili. Aliposikia utani wangu alisikia mwalimu wake akisahihisha. Neno lile liliniuma sana.

Sasa sikiliza. Jarida la ng'ambo limefika shuleni, limechelewa kama kawaida. Wataalamu wametazama galaksi zenye kiini kinachowaka kuliko nyota zake zote, na kadhaa zimevurugika, jirani kazikaribia mno. Nikakumbuka ulivyokuwa ukitamba ubaoni: ngoma mbili zikikutana uchochoroni, wachezaji wanapishana, vumbi ndilo linalovurugana. Nyota hupishana. Gesi hugongana, hupungua mwendo, huporomoka hadi kwenye shimo jeusi la katikati, na kabla ya kumezwa hupata moto na kung'aa. Uliliona kabla yangu, Kondo. Nakiri.

Lakini usivimbe kichwa. Nyingine zinawaka zimetulia tuli, hazina jirani wala jeraha. Hapo bado nakubishia, na kubishana peke yangu kumenichosha. Nimekukumbuka, bwana.

Niliyekudhihaki hadharani nilipaswa kujikosoa hadharani. Jana alasiri nilikwenda kwako, nikawaita majirani na balozi wa nyumba kumi, nikasema nilikosea. Tatu akalitoa daftari. Nikamweleza yote, pamoja na ubishi wangu. Akafikiri kidogo, akauliza, "Samahani mwalimu, na hizo zilizotulia, si huenda ziligongana zamani, ila vumbi ndilo limechelewa kufika katikati?"

Nikaliomba daftari, nikaliandika swali lake humo. Balozi alicheka mpaka akashika ukuta.

Lala salama, mtani. Nitamfundisha mpaka anishinde, na haitachukua muda. Siku yangu ikifika, yeye ndiye atakayezuia jeneza langu, na nakuahidi atakuwa na la kusema.

Mtani wako,
Kulwa