Sikutaka Mwanasheria Koroma

Mama Zuhura,

Leo asubuhi nimeng'oa majani kaburini kwako. Nilitaka nikueleze palepale, lakini jirani naye kaja kuzuru wake, kakaa karibu, kaanza habari za mvua. Nikasoma Fatiha nikaondoka. Maneno yamenibaki kifuani. Basi naandika. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Habari ni njema. Zuhura anasomea sheria.

Najua utauliza, si alikwenda Dar kusomea maendeleo ya jamii? Ndiyo. Na bado yumo. Hapo ndo palipotuchanganya sote. Tulia.

Unakumbuka wakwe walivyomtoa dada yangu nyumbani, mumewe hata arobaini haijafika. Zuhura kafuatana na shangazi yake baraza la kata. Kafungua mdomo amtetee, mzee mmoja kamwambia, "Kaa chini mtoto." Karudi hakula. Mie nikataka kumlazimisha, wewe ukasema, "Mwache, huyo ana anachotafuna." Toka siku ile anataka sheria. Nafasi hakupata, akapewa hiyo nyingine, akaenda hivyohivyo. Wewe ulikuwa huwezi kusimama, lakini vile vikate vya mchele, vibibi, vya safari ulimpikia umekaa.

Sasa likizo hii karudi na jipya. Chuo chao kimeweka utaratibu. Wewe unasoma shahada yako nyingine, ukiwa na alama nzuri unafanya mtihani. Ukipita, mwaka wa mwisho unaanza masomo ya sheria humohumo. Masomo yale yanahesabiwa pande mbili. Ukimaliza ya kwanza, ya sheria ushaingia ndani. Wengine wanamaliza moja ndo wanaanza nyingine toka chini. Hawa wanaokoa mwaka mzima na zaidi. Mtihani wenyewe ashafanya. Kapita.

Mie nikasema hapana.

Nikamwambia, nakwea minazi ya watu toka sijaota ndevu, haraka naijua. Mtu akitaka kujaza magunia upesi anaangua mpaka makoroma yasiyoiva. Kwa nje nazi. Ikune sasa, tui maji matupu. Sitaki mwanasheria koroma. Soma polepole uive.

Kacheka. Akaona mwenzake sicheki. Akaacha.

Chuo kinataka jibu na yeye hajibu. Wenzake wanampigia simu, "Bonyeza tu, baba yako yuko Pangani huko, atajuaje?" Hataki. Anasema bila radhi ya baba haendi. Siku zinakwenda, nafasi itapewa mtu mwingine. Hanibembelezi wala haninunii. Tunakula kila mtu anatazama sahani yake. Hapo nikakuona wewe ndani yake.

Mdogo wako Mwanaasha ndo akapata pa kuingilia. "Shemeji, mtoto kakua, sheria ya nini, Bi Saumu jirani anamtaka kwa mwanawe." Yule kijana fundi pikipiki. Kijana mzuri, sina neno naye. Nikasema nitaona. Nilikosea kusema nitaona. Mwanaasha ukimwambia nitaona, yeye kashaona.

Siku moja nina kazi ng'ambo ya mto, Bweni. Zuhura kasema anakuja kuokota nazi. Tukavuka na kivuko. Nikapanda mnazi. Yeye kasimama chini, pale unaposimamaga wewe ukinipigia kelele nisiangalie mademu wa Bweni. Kaniita.

"Baba, unafanya nini huko juu?"

"Huoni? Naangua."

"Na hayo makuti makavu?"

"Nakata."

"Si ushuke kwanza na nazi zako, halafu upande tena ndo uje ukate makuti?"

Nikamwambia, nani mwenye akili anapanda mnazi mmoja mara mbili?

Kainama kaokota nazi, kaweka kwenye tenga, kanipa mgongo. Mie nimebaki juu nimeshika kuti. Nimekasirika, na nimeelewa. Vyote pamoja.

Kushuka nikasema, mpigie mwalimu wako. Kampigia. Mama mmoja, sauti ya upole. "Shikamoo mzee." Nikamwuliza bila mzunguko, mwanangu ataiva huyu? Kasema, "Mzee, hapunguziwi somo, hapunguziwi mtihani. Atachoka kuliko wenzake. Kinachopungua ni kusubiri." Nikauliza akishindwa? Kasema anabaki na shahada yake ya kwanza, hiyo hanyang'anywi. Nikauliza akimaliza ndo wakili? Kasema hapana mzee, kuna shule nyingine ya mawakili mbele. Nikamwangalia Zuhura. Haijaisha tu? Kanionyesha meno yote.

Basi nikaamua. Na radhi nikataka niitoe mbele za watu, isije ikasemwa mtoto kaondoka kwa kichwa chake. Ijumaa, tukishakusomea dua.

Nikamwambia Mwanaasha, kaazime masufuria makubwa, tunapika pilau, waite kina mama. Kauliza kuna nini. Nikasema jambo la Zuhura. Nikachukua kamba yangu nikaenda kazini.

Basi. Hivyo tu nilivyosema. Ungekuwepo ungenifinya. Nyumba ina mwari mkubwa, baba anaazima masufuria, mtaa huu nani atafikiri chuo?

Ijumaa natoka msikitini nakuta nyumba imejaa khanga sare. Mwanaasha kaja na hina, kaja na liwa ya kumpaka uso, kashatandika chumba amfungie Zuhura. Bi Saumu huyo na sinia limefunikwa, nyuma yake mashangazi. Barazani kijana wake na kanzu mpya na wajomba wawili, wamekaa wamenyooka kama wanapigwa picha. Mie nimewapa mkono nikapita. Nikadhani watu wamekuja kwenye dua wamependeza.

Nimekwenda zangu nyuma kufua nazi za kachumbari ya nazi, Zuhura huyo, mbio, liwa shavu moja.

"Baba, naolewa?"

"Sijui. Na nani?"

"Na fundi pikipiki. Yupo barazani."

Nikaacha nazi kwenye kifuo. Mama Zuhura, nimeanguka mnazini mara mbili maishani, ukaniuguza wewe. Sikuogopa kama siku ile. Ningenyamaza kidogo tu, mwanao angetoka pale mke wa mtu kwa ajili ya uvivu wangu wa maneno.

Tukasoma dua yako kwanza. Sikukubali chochote kitangulie. Halafu nikasimama kati ya ukumbi na uwanja, wanaume huku, wanawake kule. Nikasema: haolewi. Anakwenda kusoma sheria. Nimewaita mshuhudie radhi yangu. Kosa langu sikueleza.

Mwanaasha kajifunika uso na khanga. Bi Saumu kashika sinia lake, kaniuliza taratibu, "Na sisi tumekuja kufanya nini, Baba Zuhura?"

Nikasema, "Kula."

Ndo neno nililolipata. Unanijua. Nikajua nimevunja ujirani wa miaka yote. Yule mama kaniangalia, kaangalia sinia, kaliweka chini. Kasema, "Haya tutakula. Na mwanangu akikamatwa na trafiki tujue pa kwenda, tusizungushwe." Mjomba mmoja ndo kaanza kucheka, tena kwa kukohoa. Kisha wote. Vigelegele vikapigwa, jirani wa tatu kaja na mwiko mkononi kuuliza kazaliwa nani.

Kina mama hawakuniacha. "Kumbe anaolewa na sheria! Mahari kaleta nani?" "Mume mzuri huyo, hana mke mwenza." "Hana, lakini atamtoa macho kwa kusomeshwa." Mwanaasha kasema hina yake haitarudi nyumbani kavu, kamkalisha Zuhura kampaka mikono na miguu. Kijana wa Bi Saumu kala sahani mbili, masikini, halafu kamsogelea Zuhura kumwuliza habari ya pikipiki ya mteja iliyozuiliwa kituoni. Zuhura kamwambia sijasoma bado, nipe muda. Kijana kasema nitasubiri. Wajomba wakaangaliana. Mie nimejifanya sijasikia.

Kabla watu hawajaondoka nikamwita. Kapiga magoti, hina mbichi, mikono kaiinua isimwagike. Nikamwekea mkono kichwani. Nikasema, radhi yangu unayo. Ya mama yako pia unayo, mie namsemea. Bi Saumu ndo kaitikia amina, kwa nguvu, ili watu wasinisikie nalia. Mtu mwema yule.

Jibu kalituma palepale. Mikono ina hina, kabonyezewa na shangazi yake, yule wa baraza la kata.

Kaondoka Jumapili na basi la kwanza. Nyumba kimya, lakini si kimya kile cha ulipoondoka wewe. Hiki kinakalika. Mwanaasha ananiletea chakula, ananisema kila siku, nakula. Mgongo unauma. Minazi ya watu ipo, nami nipo, shule ya mawakili itatukuta.

Basi nikuache upumzike, mke wangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi hivi: maadamu napumua, hakuna wa kumharakisha kuolewa wala wa kumchelewesha kusoma, nikiwemo mie mwenyewe. Na siku atakayosimama mahakamani kumsemea mtu, nitavaa kanzu, nitakwenda, nitakaa benchi la nyuma. Ubavuni kwangu hakai mtu. Akija wa kuuliza, nitamwambia pana mwenyewe.

Mumeo,
Baba Zuhura